Pete Iliyotoka Kwenye Mabano

Sheria za kwanza za Chama cha Soka cha England, zilizokubaliwa London mwaka 1863, zilikuwa 13, na ya mwisho ilihusu viatu. Ilikataza misumari iliyochomoza, mabamba ya chuma na gutapecha, ule utomvu mgumu wa miti, kwenye soli na visigino. Zisome zote 13 kwa utulivu, utaona kwamba refa hayumo. Hakuna aliyepewa kazi ya kukagua viatu hivyo, wala haikutajwa adhabu ya atakayeingia na misumari yake. Mchezaji haruhusiwi, basi. Nani wa kumzuia, sentensi haisemi. Refa aliingizwa ndani ya uwanja mwaka 1891, miaka 28 baadaye. Kwa hiyo sheria ya vifaa imemtangulia mtu tunayemdai leo aisimamie, na naona bado ina alama ya kuzaliwa bila msimamizi.

Alama hiyo nataka kuifuata ndani ya Sheria ya Nne ya leo, ile ya vifaa vya wachezaji. Waamuzi wengi huisoma kwenye kozi, wakaifaulu kwenye mtihani, kisha wakaisimamia kwa mazoea. Halafu kila wikiendi, kwenye viwanja vya vumbi na vya nyasi, husikika lalamiko lile lile mchezaji anapoambiwa avue kitu: "Mbona refa wa juzi aliniruhusu?" Wengine hulijibu kwa ukali, wengine hulipuuza. Mimi nalichukua kuwa swali la usomaji. Waamuzi wawili wamesoma sentensi moja wakaondoka na sheria mbili, na chanzo kimojawapo kimo kwenye sentensi yenyewe.

Chukua fungu la usalama. Katika toleo lililoandikwa upya mwaka 1997, na kwa miaka iliyofuata, lilikuwa sentensi moja. Mchezaji alikatazwa kutumia au kuvaa kitu cha hatari kwake mwenyewe au kwa mwenzake, na ndani ya mabano pakaongezwa kwamba humo vimo vito vya aina yoyote. Tazama vito vilikokaa. Kiini cha sentensi ni hatari. Vito ni mfano wake, vimefungiwa kwenye mabano. Msomaji mmoja atasema vito vyote ni hatari, vimekatazwa, yamekwisha. Mwingine atasema kilichokatazwa ni hatari, kwa hiyo pete nyembamba isiyo na jiwe, iliyofunikwa kwa plasta, haina hatari tena na inaweza kubaki kidoleni. Hakuna mjanja hapo. Wote wawili wameisoma sentensi kwa uaminifu, ila mmoja ameanzia kwenye nomino na mwingine ameanzia kwenye sifa. Plasta juu ya pete ya ndoa ilizoeleka katika viwanja vingi kwa sababu mabano yaliiachia nafasi.

Tarehe 5 Desemba 2004, katika ligi ya Uswisi, Paulo Diogo wa Servette ya Geneva alitengeneza bao dhidi ya Schaffhausen. Alikuwa ameoa karibuni, na pete ilikuwa kidoleni. Alikimbilia kwa mashabiki akaparamia uzio kushangilia. Aliporuka kushuka, pete ilinasa kwenye uzio, na sehemu ya kidole ikabaki huko. Refa alimwonyesha kadi ya njano kwa kushangilia kupita kiasi. Madaktari hawakuweza kukirudisha kidole.

Tukio hili limesimuliwa sana kwa sababu ya kidole. Mimi nalirudia kwa sababu ya sentensi. Hakuna aliyemkwatua Diogo. Mpira haukuwa ukichezwa, na mpinzani hakuwa karibu. Refa anayejiuliza kama pete ile ni hatari atawazia mkwaruzo usoni mwa beki, au kidole kukanyagwa kwenye purukushani ya kona. Uzio wa mashabiki hautamjia akilini. Sifa ya hatari inamtaka refa awaze kila njia ambayo kitu kinaweza kumdhuru mtu katika dakika 90, kwenye uwanja ambao pengine ameingia kwa mara ya kwanza. Nomino haimtaki hivyo. Pete ni pete. Hata kadi ile ya njano ina la kutufundisha juu ya mpangilio huu: ilitolewa kwa shangwe, kosa lililokuwa mbele ya macho, huku pete yenyewe ikiwa imeshapita mlangoni tangu kabla ya filimbi ya kwanza.

Katika maandishi ya leo pete imetoka kwenye mabano. Kwanza inakuja sentensi fupi inayokataza kitu chochote cha hatari. Kisha, ikiwa imesimama peke yake, inakuja sentensi ya vito: vyote vimepigwa marufuku na ni lazima vivuliwe, ikitajwa mikufu, pete, bangili, hereni, kamba za ngozi na za mpira, na vinginevyo vya aina hiyo. Baada yake, sentensi inayoifuta plasta kwa jina. Kwangu huu ndio uandishi bora katika fungu zima, kwa kuwa umemwondolea mwamuzi hukumu ambayo hakuwa na njia ya kuifanya sawasawa na mwenzake. Hereni ndogo kama punje ya mtama na mkufu mzito vimewekwa kwenye mstari mmoja. Mwamuzi wa Tanga na wa Kisumu wakiisoma sentensi hiyo bila kuiongezea neno, watatoa uamuzi ule ule hata kama hawajawahi kuonana.

Tatizo ni kwamba wengi huiongezea neno. Husoma nomino wakairudisha kuwa sifa. Bangili ya shanga yenye rangi za bendera ya Kenya, tunayoiona kwenye mikono ya wachezaji wengi, huachwa kwa sababu ni laini na ni ya kizalendo. Pete ya ndoa huachwa kwa sababu ni ya ndoa. Rozari hufichwa ndani ya jezi na mwamuzi akaona haya kuigusa. Hirizi iliyoshonewa ngozini na kufungwa mkononi huzua mjadala mrefu wa mambo mengine kabisa, wakati maandishi yameshataja kamba za ngozi na hayakuuliza mtu anaamini nini. Nadhani hapa sheria imemheshimu mchezaji kuliko baadhi ya wasimamizi wake, maana imeacha imani yake bila kuguswa na imegusa kilicho mkononi tu. Mwamuzi anayeanza kupima ipi ina maana na ipi haina ndiye anayeingia mahali asipoitwa. Na anapoachia moja kwa huruma, gharama haimpati yeye. Inampata mwenzake wa wiki ijayo, atakayesimama mbele ya mchezaji yule yule akiwa na sheria ile ile, akaonekana mkorofi.

Sasa nenda kwenye kitenzi cha ukaguzi. Maandishi yanasema wachezaji ni lazima wakaguliwe kabla ya mechi, na wa akiba wakaguliwe kabla hawajaingia. Wakaguliwe na nani? Kimya. Ni kauli ya kutendwa isiyo na mtenda, sawa na ile ya misumari mwaka 1863. Lakini shuka hadi mwisho wa sheria hiyo hiyo, mahali panapozungumziwa mchezaji aliyetoka nje kurekebisha vifaa. Hapo mtenda ametajwa: vifaa vyake vikaguliwe na mmoja wa waamuzi wa mechi kabla hajarudi, na ruhusa ya kurudi aitoe refa, hata mpira ukiwa unaendelea. Kazi mbili zimetenganishwa, kila moja na mwenyewe. Kwa mchezaji mmoja anayerudi sheria imekuwa makini kumtaja mkaguzi; kwa wachezaji 22 wanaoingia kwa mara ya kwanza imemsahau. Wapenzi wa sheria fupi watanijibu kwamba kila kikundi cha waamuzi hugawana kazi kwenye kikao chao kabla ya mechi. Ni kweli, vikundi vizuri hugawana. Lakini sheria inayotegemea kwamba kikundi ni kizuri imeacha sehemu yake muhimu mikononi mwa bahati.

Tarehe 4 Desemba 2022, kwenye Kombe la Dunia la Qatar, beki wa Ufaransa Jules Koundé alicheza dhidi ya Poland kwa zaidi ya dakika 40 akiwa na mkufu wa dhahabu shingoni. Ilikuwa mechi ya mtoano, na uwanjani palikuwa na waamuzi waliochaguliwa kutoka dunia nzima. Mkufu ulivuliwa muda mfupi kabla ya mapumziko, ukatolewa nje. Hapakuwa na ugumu wowote wa tafsiri, kwani mkufu ni neno la kwanza katika orodha ya vito. Orodha ilikuwa wazi na macho yalikuwepo. Kilichokosekana ni jibu la swali ambalo sentensi ya ukaguzi hailijibu: ni nani hasa, dakika ile kabla ya kuingia, alipaswa kuishusha kola ya jezi ya mtu huyu?

Ukaguzi unaofanywa vizuri unafahamika ukiuona. Timu imejipanga, na mshika kibendera anaupita mstari bila haraka. Mchezaji anakunja goti kuinua mguu nyuma. Mwamuzi anapitisha kiganja juu ya meno ya njumu kutafuta lililochongoka au lililolika hadi likawa kama wembe. Anagonga ugoko kwa vidole kusikia kama kuna kikinga ndani ya soksi. Mikono inatolewa mbele, inageuzwa. Kisha masikio, kisha shingo. Mwenye pete anaambiwa avue, na anayesema haitoki anapewa sabuni na maji, na asipofaulu haingii. Kazi nzima haimalizi dakika tano kwa timu. Niangaliapo mstari kama huo naona orodha ya nomino ikitembea kwa mpangilio wake: mguu, ugoko, mkono, sikio, shingo. Ukaguzi wa kupita tu, wa kusalimiana mikono huku mwamuzi akitazama jukwaani, ni usomaji wa sentensi ya kwanza peke yake: nimewaona, hawana hatari.

Nirudi kwenye ukurasa, maana upo udhaifu mwingine wa umbo unaonisumbua zaidi. Sheria ya Nne inazungumza kwa sauti moja kuhusu mambo mazito na mepesi. Hereni ni lazima ivuliwe. Plasta iliyofungwa juu ya soksi ni lazima iwe na rangi ya sehemu ya soksi inayoifunika. Ulazima ni ule ule, uzito wa sentensi ni ule ule, ingawa moja inalinda sikio na nyingine inalinda mwonekano. Kamerun wanaijua sauti hiyo. Mwaka 2002 walicheza Kombe la Mataifa ya Afrika nchini Mali kwa jezi zisizo na mikono, na kwenye Kombe la Dunia la mwaka huo FIFA ikawakatalia, wakacheza na mikono myeusi iliyoongezwa. Mwaka 2004 walivaa jezi na bukta zilizoungana kuwa vazi moja kwenye Kombe la Mataifa nchini Tunisia. FIFA iliwatoza faini na kuwanyang'anya pointi sita za kufuzu Kombe la Dunia la 2006, kisha mwezi uliofuata ikazirudisha. Hakuna ugoko uliokuwa hatarini kwa sababu ya vazi lile. Lakini kwa kuwa maandishi hayapangi madaraja, adhabu nayo ilikosa kipimo, ikapanda juu kabisa kisha ikashuka. Uwanjani kwetu ugonjwa huo huo unaonekana kwa udogo: mwamuzi anamtoa mchezaji nje kwa plasta nyeupe juu ya soksi nyekundu, na pembeni yake amesimama mwingine mwenye bangili ya chuma.

Sifa zimebaki kwa wingi kwenye vikinga ugoko. Kikinga kiwe cha malighafi inayofaa, kitoe kinga ya kadiri, kifunikwe na soksi. Kufunikwa kunaonekana kwa macho. Kufaa na kadiri hazina kipimo. Kikinga kilibuniwa na Sam Weller Widdowson wa Nottingham Forest mwaka 1874, aliyekata pedi zake za kriketi na kuzivaa miguuni, na kililazimishwa kisheria mwaka 1990. Leo wachezaji maarufu wanavaa vikinga vidogo vya kutosha kiganjani na kushusha soksi chini. Jack Grealish ni mfano unaojulikana na kila mtu. Waamuzi waliojaribu kuamua udogo wa kupita kiasi ni upi hawakuwa na pa kushika. Katika toleo la 2024/25 Bodi ya Kimataifa ya Sheria za Soka, IFAB, iliongeza kwamba kila mchezaji anawajibika mwenyewe kwa ukubwa na ufaafu wa vikinga vyake.

Kwa namna moja ni sentensi ya kweli. Imekiri kwamba sifa hizi mbili haziwezi kusimamiwa kwa usawa, ikauondoa mzigo begani kwa refa badala ya kumwacha abahatishe. Kwa mtu mzima anayelipwa kucheza, mwenye daktari wa timu na mkataba, sina ubishi nayo. Lakini neno mchezaji katika sheria hii halina umri. Ni yule yule wa Ligi Kuu na yule wa miaka 11 kwenye mashindano ya shule, aliyekata kipande cha boksi akakiingiza ndani ya soksi kwa sababu nyumbani hakuna pesa ya kikinga. Sheria zenyewe, mwanzoni kabisa, zinaruhusu mashirikisho kubadili mambo kadhaa kwa ajili ya watoto: ukubwa wa uwanja, wa mpira, wa goli, na muda wa mchezo. Vikinga ugoko havimo kwenye orodha hiyo. Kwa hiyo wajibu aliopewa Grealish amepewa na mtoto yule, kwa sentensi moja. Hapa naomba mwamuzi asijifiche nyuma ya nyongeza ile. Malighafi inayofaa na kinga ya kadiri bado zimeandikwa, na boksi si malighafi inayofaa kwa usomaji wowote.

Wanaolegeza sheria hii hujitetea kwamba hawataki kuharibu mchezo. Utetezi huo hauungwi mkono na maandishi, kwa kuwa ukifuata mfuatano wa vitenzi vyake utaona ni sheria ya upole sana. Aliyekutwa na kitu anaamriwa akivue. Asipoweza au asipotaka, anatoka mchezo utakaposimama. Kadi ya njano inakuja tu akikaidi au akikivaa tena. Mpira hauhitaji kusimamishwa kwa kosa la vifaa. Aliyevukwa na kiatu au kupoteza kikinga kwa bahati mbaya anaweza kuendelea hadi mpira utoke, na akifunga bao kabla ya hapo, bao ni halali. Sheria hii haina haraka ya kumwadhibu mtu. Inachotaka ni kile kitu kitoke uwanjani. Kwa upole wa namna hii, ukali wa kuisimamia kila mechi hauugharimu mchezo karibu chochote.

Kuna upande wa pili wa kutokuwa na usawa, na hauzungumzwi vya kutosha: mwamuzi anayekataza kisichokatazwa. Mwaka 2007, huko Quebec nchini Kanada, msichana wa miaka 11 alizuiwa kucheza na hijabu. Machi mwaka huo IFAB iliiacha sheria ilivyo. Juni 2011 timu ya wanawake ya Iran ilizuiwa mjini Amman kucheza na Jordan mechi ya kufuzu Olimpiki kwa sababu ya vazi la kichwani. Juni 2013 shirikisho la Quebec, kwa kuwa maandishi hayakutaja kilemba, lilikisoma kimya kuwa ni katazo na kuwazuia Masingasinga. Shirikisho la Kanada likalisimamisha, na siku chache baadaye katazo likaondolewa. Kimya kimoja, wasomaji wawili, na watoto wakabaki nje ya mstari.

Machi 2014 kimya hicho kilijazwa, na namna kilivyojazwa ndiyo inayonivutia. IFAB haikuandika tu kwamba vazi la kichwa lisiwe la hatari. Iliandika lisiunganishwe na jezi, liwe jeusi au la rangi kuu ya jezi, wenzake wa timu wakilivaa liwe la rangi moja, lisiwe na sehemu inayochomoza, na ufungaji wake shingoni usiwe wa kumdhuru mtu. Hatari imevunjwavunjwa kuwa vitu ambavyo jicho na kidole vinaweza kuvikagua. Nouhaila Benzina wa Morocco alipoingia uwanjani Adelaide tarehe 30 Julai 2023 dhidi ya Korea Kusini, wa kwanza kucheza na hijabu kwenye Kombe la Dunia la wanawake la wakubwa, hakuna mwamuzi aliyehitaji kuwa na maoni. Kwa msichana wa Unguja au Mombasa anayevaa hijabu, aya hiyo fupi ni ulinzi wake mbele ya refa yeyote atakayepangiwa.

Kimya kipya sasa kiko kwenye soksi. Wachezaji wakubwa wanazikata matundu nyuma ya mguu ili zisibane misuli, vijana wetu wanawaiga, na waamuzi wameshaanza kugawanyika: mmoja anamtoa mchezaji nje, mwingine hamwoni. Sheria ya Nne haina neno juu ya matundu. Inalo neno juu ya kikinga, kwamba soksi ikifunike. Tundu la nyuma ya mguu haligusi sharti hilo, na mwamuzi hana sentensi ya kumtolea mtu nje. Tundu la mbele likiacha kikinga wazi linaligusa, na mchezaji atoke akabadilishe soksi, akaguliwe na mmoja wa waamuzi, asubiri ishara ya refa.